Aliyetaka Kupindua

Katika Kiswahili chote, neno linalonisumbua zaidi ni hili: kupindua. Sio siri, kila mtoto aliyepita shule ya msingi nchi hii amekutana nalo kabla hajajua kuandika barua. Januari 12 tunapumzika kwa ajili ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, nayo tumefundishwa kuyaita matukufu. Tangu Februari 5, 1977 chama kinachotawala kinaitwa Chama cha Mapinduzi. Lakini siku nane tu baada ya yale ya Zanzibar, Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, na hao vitabu vinawaita waasi. Na mtu akifikishwa mahakamani eti alikula njama za kuiondoa serikali, tunasoma kwamba "alitaka kupindua". Mzizi ni ule ule. Ukishinda, wewe ni mwanamapinduzi. Ukishindwa, ni mtu aliyetaka kupindua, na hapo hakuna tena utukufu.

Kijiweni kwetu hapa Soweto, Mbeya, jambo hili tumelibishania mpaka fundi viatu akatutishia kutunyang'anya benchi lake. Mshikaji mmoja anasema neno halina kosa, kosa ni la mtu. Mwingine anasema habari za jeshi siyo za kuandika, tuandike mapenzi, ndiyo yanayosomwa. Mimi nasema hapana. Mwandishi akiogopa neno, basi amebakiwa na nini?

Ndugu msomaji, nataka kukusimulia habari za mtu aliyelibeba neno hilo mgongoni miaka 37. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Wilfred Mhanda. Jina lake la vita, Dzinashe Machingura. Alikuwa Mzimbabwe, aliyezaliwa mwaka 1950. Utaniuliza, bwana, Mzimbabwe anawahusu nini watu wa Iringa na Mbeya? Anatuhusu sana. Ukamanda wake ulianzia kwetu, kwenye baridi ya Mgagao.

Mgagao ipo mkoani Iringa, katika wilaya ambayo leo inaitwa Kilolo. Ni nchi ya ukungu, mahindi na viazi, na msimu wa ulanzi hakuna mgeni anayepita bila kukaribishwa. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na serikali yetu ikatoa maeneo ya kambi: Kongwa, Nachingwea, Morogoro, Chunya, Mgagao. Mgagao wakapewa ZANU ya Zimbabwe, ambayo nchi yake wakati ule ilikuwa bado Rhodesia ya Ian Smith. Wakufunzi walitoka China. Vijana walivuka Zambia, wakapandisha kwa barabara hii hii tunayopanda basi leo, Tunduma, Mbeya, Makambako, Mafinga, mpaka Iringa. Mhanda alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule kwao. Aliacha masomo, akaja kujifunza bunduki. Baadaye akapelekwa China, akarudi, akawa mkufunzi wa wenzake.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliwahi kuwaona. Alikuwa na miaka kama 17, utingo kwenye lori lililokuwa likibeba viazi na kabichi upande ule. Nilikwenda kumwona nyumbani Iringa nikiwa na daftari langu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana hali za watu wote wa Mbeya mmoja mmoja, nikamwuliza habari za wapigania uhuru.

"Walikuwa na adabu," akasema. "Ukiwapa mkono wanapokea kwa mikono miwili. Lakini ukimwuliza mtu jina, anacheka. Au anakupa jina leo, kesho anaitwa jingine."

"Sasa mlikuwa mnawaitaje, mjomba?"

"Kila mtu tulimwita komredi. Ungemwita nani? Yule ni komredi, na yule pale ni komredi."

Alinieleza kwamba asubuhi, ukungu haujaondoka, walikuwa wanasikia nyimbo kutoka mbali, hawaoni mtu. Ndiyo kumbukumbu yake kubwa: sauti za vijana wasio na sura. Nimeichukua kama ilivyo.

Na sisi watu wa Iringa kukumbuka tunaweza, tena vizuri. Nenda Kalenga. Fuvu la Mkwawa lipo pale, limerudi kutoka Ujerumani mwaka 1954, na wanafunzi hupelekwa kwa mabasi kwenda kuliona. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na mwaka 1898 akajiua kuliko kukamatwa. Kwa Wajerumani alikuwa mwasi. Kwetu ni shujaa. Tumelipindua neno lao, likakaa upande wetu. Lakini nilipowataja Mgagao vijana wenzangu kijiweni, waliozaliwa na kukulia mikoa hii, wengi waliniuliza ni mahali gani.

Turudi kwa Mhanda. Machi 18, 1975, Herbert Chitepo, mwenyekiti wa ZANU aliyekuwa akiongoza vita kutoka Lusaka, aliuawa kwa bomu kwenye gari lake. Zambia ikawakamata viongozi wengi wa ZANU, pamoja na mkuu wa jeshi lao, Josiah Tongogara. Vita vikasimama. Wazee wa siasa walikuwa wakigombana kwenye hoteli na mikutano, kila mmoja anasema yeye ndiye kiongozi. Vijana wa Mgagao wamekaa kambini, bunduki wanayo, amri hawana.

Ndipo mwaka ule ule wa 1975 maofisa wa kambi ile wakakaa wakaandika tamko. Likapelekwa kwa Kamati ya Ukombozi na kwa serikali za Tanzania na Msumbiji. Wakawakataa viongozi waliokuwa wanajulikana, akiwemo Ndabaningi Sithole, mwanzilishi wa chama chao. Wakasema yupo mtu mmoja tu wanayeweza kuzungumza kupitia kwake. Mtu huyo alikuwa Robert Mugabe, ambaye wakati ule alikuwa Quelimane, Msumbiji, akiangaliwa kila hatua na serikali ya Samora Machel isiyokuwa na hakika naye.

Hebu simama hapo kidogo. Mtu aliyekuja kutawala Zimbabwe miaka 37, barua yake ya kumtambulisha kwa Afrika iliandikwa na vijana wa kambini, mkoani Iringa. Barua hiyo leo inajulikana kwa jina la kijiji chetu, Tamko la Mgagao. Wanahistoria wa nje wanalitaja. Sisi tunapita Ipogolo na mabasi yetu, tunanunua nyanya Ilula, hatuna habari.

Mwishoni mwa 1975 likaundwa jeshi jipya, ZIPA, lililounganisha wapiganaji wa ZANU na wa ZAPU. Kamati yake ilikuwa na watu 18, tisa kutoka kila upande. Mkuu wake alikuwa Rex Nhongo, na Machingura akawa mmoja wa wale walioliendesha hasa. Januari 1976 vita vikaanza tena kutoka Msumbiji. Vijana wale wakaanzisha na chuo cha siasa, kwa sababu waliamini mpiganaji lazima ajue anampiga nani na kwa nini, na baada ya ushindi nchi itakuwa ya nani.

Sitaki nimpake mtu asali. Mwaka huo huo wa 1976, Mgagao na Morogoro, wapiganaji wa pande mbili waliotakiwa kuungana waligeuziana silaha, na vijana wengi wa ZAPU wakauawa kwenye ardhi yetu. Umoja uliokuwa unahubiriwa juu haukuwa umefika chini. Ukiandika habari za Mgagao ukaacha damu hiyo, umeandika tangazo.

Basi ikaja Geneva. Oktoba 1976 Waingereza wakaita mkutano, viongozi wa siasa wakatoka vizuizini wakaenda kuketi mezani. Makamanda wa ZIPA hawakuwa na imani na mkutano ule, wala hawakutaka kuwa jeshi la mwanasiasa mmoja. Viongozi waliporudi walikuta vijana ambao wameshapigana mwaka mzima bila wao, na wana mawazo yao. Hapo ndipo likatamkwa neno. Wanataka kupindua. Wanataka kunyakua uongozi wa chama.

Januari 1977, huko Beira, Mhanda na wenzake wakakamatwa na serikali ya Msumbiji kwa matakwa ya viongozi wa ZANU. Yaani Samora, ambaye mwenyewe aliongoza kambi kule Kongwa, akawafungia vijana wa Mgagao. Na mwezi uliofuata, hapa kwetu, TANU na ASP zikaungana, tukapata Chama cha Mapinduzi. Miezi miwili imefuatana. Mmoja umelifanya neno kuwa jina la chama, mwingine umelifanya kuwa kosa.

Hakukuwa na kesi. Hili ndilo linaloniuma zaidi nikilifikiria. Mtu akishitakiwa, hata akifungwa, kuna jaji, kuna maneno yaliyoandikwa, kuna mahali pa kusema sikufanya. Mhanda alikaa kizuizini Msumbiji takriban miaka mitatu bila hukumu. Alikana kwamba walitaka kupindua chochote. Alisema walitaka jeshi moja na siasa safi. Alikanushia wapi? Kwenye kuta.

Waliachiwa uhuru ulipokuwa mlangoni. Aprili 18, 1980 Zimbabwe ikapandisha bendera. Fikiria mtu wa miaka 30, kamanda aliyefufua vita, anaingia mji mkuu wa nchi huru na hana kazi, hana cheo, na watu aliowafundisha kushika bunduki wanapita kwenye magari ya serikali. Jeshini hakuwa na nafasi. Akaenda Ujerumani Magharibi kusoma sayansi, ile aliyoiacha chuo kikuu alipokuja kwetu. Akarudi mwaka 1988, akafanya kazi ya taaluma yake kama mtu wa kawaida.

Rex Nhongo hakukamatwa. Alirudi kwenye jina lake, Solomon Mujuru, akawa mkuu wa jeshi la Zimbabwe, jenerali, mtu mzito katika chama. Alikufa kwa moto shambani kwake Agosti 2011, akazikwa kwenye makaburi ya mashujaa, Harare. Hawa wawili walikaa kamati moja.

Kitu kimoja kinanifanya nimheshimu Mhanda. Angeweza kunyamaza. Mwaka 2000, maveterani wa vita walipoongoza uvamizi wa mashamba na kampeni za chama tawala zikajaa vipigo, yeye na wapiganaji wenzake wakaanzisha chama chao cha maveterani, wakasema hadharani kwamba hawakwenda msituni ili wananchi wapigwe kwa jina lao. Ukishaitwa aliyetaka kupindua, ukifungua mdomo tena wanakwambia si unaona? Alifungua. Mwaka 2011 akatoa kitabu chake kwa Kiingereza, Dzino. Ni ufupisho wa lile jina la vita, na chini yake ameandika jina la kuzaliwa. Yule ambaye kijijini kwetu asingetaja jina lake, sasa ameyaweka yote mawili kwenye jalada moja.

Alikufa Mei 2014. Taifa halikumtangaza shujaa.

Novemba 2017, miaka mitatu na miezi kadhaa baadaye, magari ya deraya yakaingia mitaa ya Harare. Mwanajeshi mwenye magwanda akatokea kwenye televisheni alfajiri, akalitangazia taifa kwamba jeshi halijachukua serikali. Rais amefungiwa nyumbani kwake, na haya siyo mapinduzi. Wiki moja baadaye Mugabe akajiuzulu. Mimi nilisikiliza kwenye redio pale kijiweni, washkaji wakacheka mpaka fundi viatu akaweka nyundo chini. Mimi nilikuwa namfikiria Mhanda. Hakuingiza gari la vita mtaani hata siku moja, akafa anaitwa mpinduzi. Walioingiza walisema hawajapindua.

Usidhani haya ni mambo ya Wazimbabwe peke yao. Toka hapa Mbeya mjini, panda ile barabara ya milimani mpaka juu unakoliona bonde lote la Usangu, endelea na baridi, utashuka Chunya, nchi ya dhahabu na tumbaku. Huko ilikuwako kambi ya PAC ya Afrika Kusini. Machi 1980, wapiganaji waliokuwa wanamkataa mwenyekiti mpya wa chama chao, Vusumzi Make, walipigwa risasi na askari wetu, na wengine wakafa. Mwezi huo huo Wazimbabwe walikuwa wanasherehekea matokeo ya uchaguzi wa uhuru. Mtaa wetu tunauita Soweto kwa mapenzi ya ndugu zetu wa kusini, na sokoni tunauza na kununua kwa jina hilo kila siku. Jina la Chunya katika habari ile hatulitaji.

Na Potlako Leballo, yule kiongozi wa zamani wa PAC ambaye watu wa Chunya walikuwa bado wanamtaka, ndiye huyo huyo aliyekuwa shahidi mkuu kwenye kesi ya uhaini ya Dar es Salaam. Waliokamatwa mwaka 1969 walishitakiwa saba, akiwemo mwanajeshi, Kanali William Makori Chacha, na akiwemo Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaita wanawake wa Tanganyika kwenye TANU. Hukumu ilitoka mwaka 1971. Bibi Titi alipewa kifungo cha maisha, akasamehewa mwaka 1972, akaishi kimya miaka mingi. Leo kuna barabara kubwa ya Dar yenye jina lake, na makondakta wanaliita bila kuwaza. Sisi Watanzania tunaweza kumsamehe mtu kwa kumpa barabara. Sio jambo dogo. Lakini barabara haisemi alifanya au hakufanya.

Sasa wenzangu mnaoandika, mnaoleta hadithi zenu kwenye kurasa hizi, ninachokiona ni hiki. Mtu akishaitwa jina na wenye nguvu, mahakama inayobaki wazi kwake ni karatasi. Mhanda hakupewa jaji mwaka 1977, akaandika kitabu mwaka 2011. Unaweza usikubaliane naye, na ndiyo maana ya kuandika: sasa kuna kitu cha kubishana nacho. Wale wa Chunya wengi hawakupata hata karatasi. Na waliowaona, waliowauzia viazi, wanazeeka. Wazee wa Kilolo na wa Chunya hawana kitabu. Wana mlango, nao ukibisha hodi wanafungua.

Kile kitabu mimi nilikipata kwa vivuli, karatasi zimebanwa kwa pini, kurasa nyingine zimekatika pembeni. Nilikwenda nacho Iringa. Mjomba hasomi Kiingereza, kwa hiyo jioni mbili tulikaa jikoni karibu na moto, mimi nasoma kimoyomoyo kisha namwambia kwa Kiswahili. Alikuwa msikilizaji mzuri. Kwenye safari za kambini alikuwa akinisimamisha: hapo ni kweli, palikuwa na baridi. Hapo sijui, mimi sikuingia ndani.

Tulipofika mwaka 1977 nikakwama. Nilipaswa kumwambia wanashutumiwa kwa nini, na neno likawa linanizunguka mdomoni. Nikisema walitaka kufanya mapinduzi, kwa mjomba wangu, mwanachama wa miaka mingi, hilo ni jambo jema. Nikisema uasi, nimeshawahukumu. Nikisema walitaka kupindua, nimesema kama waliowafunga.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

Nikamweleza shida yangu. Akachochea moto kwa kijiti, akafikiri.

"Sema walikosana na wakubwa," akasema. "Halafu endelea, nataka kujua kama yule mtu alifika kwao."

Nikaendelea.